Miwani ya kuvaa na helmeti ya uso mzima: mwongozo kwa waendesha baiskeli wa Kigoma

Helmeti ya uso mzima hukinga fuvu, taya, meno na mashavu. Inaacha mahali pamoja tu wazi, kwenye macho, na hapo ndipo palipo laini kuliko pote. Ukishuka kwa kasi na baiskeli ya milimani kutoka Kalinzi kuelekea Mwandiga, au ukikata vijia vya vilima vya nyuma ya mji, kila kinachoruka hutafuta dirisha hilo: vumbi jekundu la kiangazi, kokoto inayorushwa na tairi la mwenzako aliyetangulia, kumbikumbi wa mvua za kwanza, ncha ya tawi lililoinamia njia.

Wengi wakitaka kununua miwani ya kazi hii huanza na rangi ya lenzi. Mimi nasema anza na helmeti. Miwani ya gharama isiyokaa sawa ndani ya helmeti yako itabanwa, itasogea, itaacha mwanya, na mwishowe utaivua katikati ya mteremko, pale hasa unapoihitaji. Kwa hiyo hapa tunaanza na namna miwani inavyokaa usoni, ndipo tuje kwenye lenzi, ukungu na utunzaji.

Hatua ya 1: Chagua aina

Aina ni mbili. Ya kwanza ni miwani ya mkanda: fremu pana ya plastiki laini inayopindika, sponji inayogusa uso pande zote, na mkanda wa lastiki unaozunguka helmeti kwa nje. Ilianzia kwenye mashindano ya pikipiki za njia za udongo, na wanaoshuka milima kwa baiskeli wakaichukua kutoka huko. Ya pili ni miwani ya masikioni, yenye mikono miwili kama miwani ya kawaida, ila lenzi yake ni pana na imepinda kufuata uso.

Kwa helmeti ya uso mzima na mteremko wa kweli, chukua ya mkanda. Sababu ya kwanza ni vumbi. Kuanzia Juni hadi Septemba udongo wetu unakuwa laini kama unga, na ukimfuata mtu kwa nyuma vumbi hilo halikujii usoni moja kwa moja. Linazunguka na kuingia kwa pembeni na kwa chini. Miwani ya masikioni inaacha nafasi huko kote. Sababu ya pili ni kuanguka. Ya mkanda hubaki usoni hata ukibiringika, wakati ya masikioni mara nyingi huchomoka kwenye pigo la kwanza, na macho yanabaki wazi kwa mapigo yanayofuata. Tena mikono yake inakaa kati ya fuvu na mto wa helmeti, mahali ambapo hutaki kitu kigumu ukiangukia upande.

Ya masikioni ina nafasi yake, hata hivyo. Siku ya kupanda sana na kushuka kidogo, kwenye joto la bondeni karibu na ziwa, hewa inayopita nyuma ya lenzi ni nafuu kubwa. Kama helmeti yako ni ile nyepesi yenye matundu mengi, iliyotengenezwa kwa kupanda na kushuka, unaweza kuwa na zote mbili: ya masikioni unapopanda, ya mkanda unaposhuka. Ukiwa na fedha ya moja tu, nunua ya mkanda, na unapopanda usivae miwani yoyote.

Kuna miwani inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ile ya mafundi wanaokata vyuma na kuranda mbao. Usiidharau. Ikiwa na alama ya Z87+ ya Marekani, au EN 166 F ya Ulaya, imejaribiwa kwa kupigwa na vitu vyenye kasi. Herufi F maana yake imehimili gololi ndogo ya chuma ya milimita 6 kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde. Kwa kijana anayeanza, miwani angavu ya fundi yenye mikono myembamba iliyonyooka ni bora mara nyingi kuliko miwani ya urembo yenye jina kubwa ubavuni na lenzi isiyojulikana imetokana na nini.

Usivae miwani ya kuchomelea. Giza lake ni la kukinga moto wa kuchomelea, nawe njiani hutaona shimo. Usivae ya kuogelea, kwani inabana kuzunguka jicho na haina hewa. Na yoyote yenye lenzi ya kioo halisi iache nyumbani, kwa sababu kioo kikivunjika mbele ya jicho madhara yake yanazidi ya kokoto.

Hatua ya 2: Nenda dukani na helmeti yako mkononi

Hapa ndipo penye kazi, na hapa usione haya. Iwe ni duka la spea za pikipiki, banda la mtumba eneo la Mwanga mjini, au kwa rafiki anayetaka kukuuzia yake, mwambie: "Kaka, ngoja kwanza niijaribu na helmeti yangu." Muuzaji mzuri atakusubiri. Anayekuharakisha, muache.

Vaa helmeti kwanza na ufunge kamba ya kidevuni kama unavyofunga ukiwa safarini. Helmeti iliyolegea hukaa tofauti na iliyofungwa, na ukipima miwani kwenye helmeti iliyolegea umepima bure. Kisha weka miwani usoni ndani ya dirisha la helmeti, shika fremu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine vuta mkanda upite nje kwenda nyuma.

Sasa angalia fremu inavyokaa ndani ya dirisha. Inatakiwa iingie yote, bila kugusa kingo za helmeti kulia na kushoto. Ikigusa, kila mtikisiko wa helmeti utahamia kwenye miwani, na lenzi itacheza mbele ya macho yako kwenye njia ya mawe. Fremu za watu wazima hazina upana mmoja. Nyingine zimepanuliwa ili uone mbali pembeni, na hizo ndizo hukataa kuingia kwenye helmeti zenye dirisha dogo. Vijana wenye sura nyembamba wasione vibaya kuvaa fremu ya saizi ya watoto ikiwa ndiyo inayowakaa.

Kisha angalia juu. Pitisha kidole kati ya ukingo wa juu wa miwani na ukingo wa helmeti kwenye paji la uso. Kinachotakiwa ni miwani na helmeti vikaribiane bila kusukumana. Pakiwa na uwazi mkubwa, paji litapigwa na jua na kokoto. Ikiwa helmeti ndiyo inayoisukuma miwani chini, utaijua kwa pua: utaanza kupumulia mdomoni. Funga mdomo, vuta pumzi ndefu kwa pua mara kadhaa kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Pua ikibanwa hata kidogo tu dukani, ujue kwenye mteremko, mapigo ya moyo yakiwa juu, itakuwa taabu. Hiyo miwani rudisha.

Baada ya pua, shughulikia sponji. Inatakiwa iguse ngozi pande zote kwa uzito mmoja: paji, pembeni mwa macho, mashavuni, na daraja la pua. Watu wengi wenye daraja la pua lililo chini na pana hukuta fremu nyingi zinaacha mwanya hapo katikati, maana zimechongwa kwa pua nyembamba zilizosimama. Kwa watu wetu hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Jaribio lake ni rahisi. Ingia mahali penye giza, stoo ya duka au chumbani kwako, fumba macho, na umwambie mwenzako azungushe tochi ya simu taratibu kando ya ukingo wa miwani, akimulika kutokea pembeni wala asielekeze kwenye lenzi. Fumbua macho: unapoona mwanga unapenya kati ya sponji na ngozi, hapo ndipo vumbi litakapopitia. Mwanya mwembamba kwenye pua unaweza kuzibwa kwa kipande cha sponji laini kilichogundishwa juu ya ile ya kwanza. Mwanya wa pembeni hauzibiki. Tafuta fremu nyingine.

Usivae dakika moja ukavua. Kaa nayo, ongea na muuzaji, tazama vidole vya miguu yako, geuza kichwa utazame bega la kulia na la kushoto, tikisa kichwa kama anayekataa. Nyoosha mikono pembeni usawa wa mabega, chezesha vidole gumba, kisha vilete mbele polepole huku macho yakitazama mbele moja kwa moja. Utajua fremu inakula kiasi gani cha unachokiona pembeni. Kwenye kijia cha shambani, ambako mbuzi au mtoto anaweza kutokea ubavuni, kiasi hicho kina maana.

Mkanda nao una mambo yake. Chagua wenye mistari ya silikoni kwa ndani, inayong'ang'ania helmeti isiteleze. Ukaze kiasi cha sponji kugusa, siyo kiasi cha kuacha alama nyekundu usoni. Anayekaza sana hudhani anazuia vumbi. Anachofanya ni kuibana sponji mpaka inalala, fremu inapinda, na mwanya unafunguka pembeni.

Kwa wanaochagua miwani ya masikioni majaribio ni machache. Helmeti ivaliwe kwanza, ndipo mikono ya miwani ipenyezwe kati ya mto wa shavu na kichwa. Ikikataa kupenya bila kulazimishwa, mikono ni minene mno au imepinda sana nyuma ya sikio. Chagua iliyonyooka. Ukisikia maumivu juu ya sikio kabla hujatoka dukani, yatakuwa makali zaidi ukifika nusu ya safari.

Anayeagiza kutoka Dar es Salaam au mtandaoni hawezi kujaribu. Huyo apime upana wa dirisha la helmeti kwa ndani, ukingo hadi ukingo, kwa futi ya fundi nguo, apime na urefu wake wa juu hadi chini, kisha amuulize muuzaji vipimo vya fremu vya nje. Fremu iwe ndogo kuliko dirisha. Na kabla ya kutuma pesa, akubaliane naye kwa maandishi kama itarudishwa ikishindwa kukaa.

Hatua ya 3: Soma lenzi kabla ya kuipenda

Lenzi nzuri kwa kazi hii ni ya polikaboneti. Ni plastiki inayopindika badala ya kupasuka vipande, na yenyewe kwa asili yake huzuia karibu mionzi yote ya jua ya urujuanimno (UV). Kwenye miwani za mkanda tafuta maandishi ya EN 1938, kipimo cha Ulaya cha miwani za waendesha pikipiki. Kwenye kila miwani ya jua tafuta UV400, yaani inazuia mionzi hiyo hadi urefu wa nanomita 400. Kigoma iko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Jua letu halina msimu wa kupumzika. Lenzi nyeusi isiyozuia mionzi ina hatari ya kujificha: giza lake linaifanya mboni ipanuke, na mionzi inapata mlango mpana kuliko kama ungekuwa huna miwani kabisa.

Macho ya mtu hayawezi kuiona mionzi hiyo, kwa hiyo usimwamini anayekwambia "hii ni orijino, tazama tu". Baadhi ya maduka ya miwani ya kusomea yana kifaa kidogo cha kupimia, omba wakupimie. Unachoweza kupima mwenyewe ni unyoofu. Shika miwani mbali na uso, mkono umenyooka, utazame kupitia lenzi kwenye kitu kilichonyooka kama fremu ya mlango au ukingo wa bati. Isogeze taratibu kushoto na kulia. Mstari ukiyumba au kuvunjika katikati, lenzi ni mbovu, itakuchosha macho na kukudanganya umbali wa jiwe.

Giza la lenzi hupimwa kwa makundi kuanzia 0 hadi 4, mara nyingi yakiandikwa S0, S1, S2, S3 na S4. Kundi 0 hupitisha asilimia 80 na zaidi ya mwanga. Kundi 1 hupitisha kati ya 43 na 80, kundi 2 kati ya 18 na 43, kundi 3 kati ya 8 na 18. Kundi 4 hupitisha chini ya 8 na halifai kuendeshea chombo barabarani. Ni la theluji na vilele vya milima.

Sasa fikiria mwanga wa hapa kwetu. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi huku saa zetu zikiwa zile zile za Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu linazama zaidi ya nusu saa baada ya lao. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja jioni bado ana muda mzuri wa kuendesha. Lakini vilima vyetu vinashukia ziwani, na ziwa liko magharibi. Anayeshuka jioni anashuka jua likiwa usoni, likiwa chini, na likirudi tena kutoka juu ya maji ya Tanganyika. Kwa safari hiyo lenzi ya kundi 2 au 3 ndiyo inayofaa.

Tatizo linaanza njia inapoingia kivulini. Unatoka kwenye jua kali, unaingia ghafla chini ya miembe au kwenye shamba la michikichi, na kwa muda mfupi huoni kitu. Michikichi ndiyo ninayoihofia kuliko miti mingine ya njiani. Tazama mti mmoja kwa karibu: kwenye shina la jani, karibu na linapoota, kuna safu ya miiba mifupi migumu pande zote mbili, na majani makavu yaliyokatwa wakati wa kuvuna hutupwa kando ya kijia, miiba ikiwa imeelekea juu. Ukipita hapo gizani mwa lenzi nyeusi, huoni jani la chini wala lile linaloning'inia usawa wa uso.

Kwa hiyo kwa mtu wa lenzi moja tu, ushauri wangu ni kundi 1 au 2 yenye rangi ya waridi au kahawia nyepesi. Rangi hizi huonyesha vizuri tofauti ya mzizi, jiwe na udongo kivulini, na juani bado zinapunguza mng'ao. Nyeusi inayoakisi kama kioo cha kujitazamia inavutia kwenye picha, ila ni ya uwanda wa wazi. Anayeweza kupata lenzi mbili achukue angavu kabisa na kundi 3, na achague fremu ambayo lenzi yake inabadilishwa kwa urahisi. Mwambie muuzaji akubadilishie mbele yako, kisha ubadilishe mwenyewe. Lenzi inayohitaji nguvu za watu wawili hutaibadilisha porini.

Lenzi zinazojibadilisha rangi zenyewe kwa jua ni nzuri lakini zina polepole yake: kuingia giza ni haraka, kurudi angavu kunachukua dakika, na kivuli chetu hakisubiri. Tena kwenye joto kali hazifiki giza lake lote. Zile za kuua mng'ao wa maji, wanazopenda wavuvi, zinapendeza ukitazama ziwa, ila huficha ung'avu wa jiwe lenye maji na utelezi wa matope, jambo ambalo mwendesha baiskeli anataka kuliona mapema. Kwa mteremko sizipendekezi.

Hatua ya 4: Ushinde ukungu

Ukungu unatokea pale hewa yenye unyevu kutoka puani na jasho inapogusa lenzi yenye ubaridi kidogo kuliko uso. Ukiwa kwenye mwendo, upepo unaufuta. Ukisimama kumsubiri mwenzako, au ukipanda kwa mwendo mdogo, au mvua ikinyesha, lenzi inafunga.

Nunua lenzi yenye matabaka mawili na nafasi ya hewa katikati ikiwa mfuko unaruhusu. Tabaka la ndani hubaki na joto karibu na la uso, na ukungu unachelewa. Yenye tabaka moja iwe na utando wa kuzuia ukungu upande wa ndani. Angalia matundu ya hewa juu na chini ya fremu: yawe yamefunikwa na sponji nyembamba inayopitisha hewa na kuzuia vumbi. Matundu yaliyo wazi kabisa yatakujazia udongo, na yaliyozibwa kabisa yatakujazia mvuke.

Kingine ni desturi yako njiani. Usipandishe miwani juu ya paji lenye jasho wakati wa kupanda. Sponji inanywa jasho, na ukiishusha inatoa mvuke wote kwenye lenzi. Ivue, igeuzie nyuma ya helmeti au iweke kwenye mfuko wake wa kitambaa, uivae tena ukifika kileleni, pumzi ikitulia. Ukungu ukiingia, usisugue upande wa ndani, maana utando wake ni laini sana ukiwa na maji na unatoka kwa kidole. Inua miwani kidogo upepo upite, au gusa tu matone kwa kitambaa laini yanyonywe.

Watu hupaka dawa ya meno. Usifanye hivyo. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, na lenzi itajaa mikwaruzo. Tone la sabuni ya maji ya vyombo lililotandazwa na kufutwa mpaka lisionekane linasaidia kwa muda kwenye lenzi isiyo na utando. Kwenye yenye utando, liache.

Wanaovaa miwani ya kuonea

Wenzetu hawa mara nyingi huambiwa wachague kati ya kuona na kujikinga. Si lazima. Zipo miwani za mkanda zilizotengenezwa kuvaliwa juu ya miwani ya macho: fremu yake ina kina kirefu, na sponji ya pembeni imekatwa nafasi ya kupitisha mikono. Nenda dukani na vyote vitatu, helmeti, miwani ya macho na ya mkanda, na urudie majaribio yote ya hatua ya pili. Lenzi ya miwani ya macho isiguse ile ya nje. Lenzi zako ziwe za plastiki, siyo za kioo. Lenzi zinazowekwa juu ya jicho lenyewe ni mtihani kwenye vumbi letu. Anayezitumia asiendeshe bila miwani ya mkanda hata kwa umbali mfupi, na abebe chupa ya maji yake ya kuzisafishia.

Mtumba

Sina neno na mtumba kwa miwani, tofauti na helmeti ambayo huwezi kujua imeshapigwa mara ngapi. Ila bonyeza sponji kwa kidole gumba: ikirudi juu haraka ni nzima, ikibaki imelala, au ikiacha unga kidoleni, imeshakufa. Vuta lastiki uiachie. Igeuzie lenzi kwenye jua utafute nyufa ndogo kama nywele pembeni, hasa karibu na vishikizo. Hizo ni dalili kwamba polikaboneti imezeeka au imeguswa na kemikali, na pigo moja litaipasua. Mikwaruzo katikati, mbele ya macho, inatosha kuikataa, kwani jua la jioni litageuza kila mkwaruzo kuwa mstari wa mwanga.

Hatua ya 5: Kuvaa, kuvua, kutunza

Helmeti kwanza, miwani baadaye. Wakati wa kuvua, miwani kwanza, helmeti baadaye. Ukivua helmeti na miwani ya masikioni ikiwa ndani, unaivunja au unajikwaruza uso. Akianguka mwenzako na ukadhani ameumia shingo, mtoe miwani ya mkanda, ukate mkanda ikibidi, lakini helmeti usiiguse ikiwa anapumua vizuri. Waachie wahudumu wa afya.

Vumbi jekundu lina chembe ngumu za mchanga. Kulifuta likiwa kavu kwa pindo la fulana ni kuipiga lenzi msasa. Mwagia maji kwanza udongo uondoke, ndipo uguse kwa kitambaa laini chenye unyevu. Petroli, thina na asetoni vinaharibu polikaboneti, na hata dawa ya mbu ya kujipaka yenye DEET inafanya hivyo. Paka dawa, nawa mikono, ndipo ushike miwani. Sponji ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikaushe kivulini. Usiiache kwenye dashibodi ya gari lililofungwa juani.

Masika, matope yakiwa mengi, mashindanoni hutumia karatasi za plastiki angavu zinazobandikwa juu ya lenzi na kubanduliwa moja moja. Kwa matembezi ya kawaida sioni haja yake, na plastiki zile huishia mashambani kwa watu. Chupa ya maji inatosha.

Kitu kikiingia jichoni

Simama. Usifikiche. Vumbi na mdudu vitoe kwa maji safi mengi, ukipepesa jicho, kuanzia kona ya puani kwenda nje. Kitu kilichochoma na kubaki ndani ya jicho usikivute. Lifunike bila kulibana, kwa mfano kwa kikombe kidogo kilichofungwa juu yake, na mtu mwingine akupeleke hospitali.

Kinachodharauliwa zaidi ni mkwaruzo wa jani au tawi. Unauma, jicho linatoa machozi, kesho yake panakuwa na nafuu, mtu anasahau. Lakini jeraha la mmea kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, linaweza kupanda fangasi, na fangasi huchukua siku kadhaa kabla ya kujionyesha: maumivu yanarudi, mwanga unachoma, kuona kunafifia, doa jeupe linatokea. Ikifikia hapo tiba ni ndefu na ngumu, na wapo wanaopoteza jicho. Kwa hiyo mkwaruzo wa mmea wenye maumivu uonyeshe kliniki ya macho siku hiyo hiyo; kwa wa mjini, Maweni ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwambie mganga waziwazi kwamba ulipigwa na jani, kwa sababu taarifa hiyo inabadilisha dawa atakayokupa.

Usinunue matone ya macho kwa kukisia duka la dawa. Mengine yana steroidi, ambayo hupunguza wekundu na maumivu huku ikiiachia fangasi nafasi ya kuenea. Maji ya majani, maziwa ya mama na asali navyo visitiwe jichoni. Na hadi utakapoambiwa jeraha limefunga, usivae lenzi za kuweka juu ya jicho wala usirudi kwenye vumbi.